Arepa za Nicanora Zilizoitwa Mbichi

Mama yangu, Nicanora Colina, aliolewa akiwa na miaka kumi na tisa, na asubuhi ya kwanza aliyoamka kwa wakwe zake aliwapikia arepa, mikate yetu ya mahindi. Bibi yangu, Bi Ubalda, aliyemzaa baba, alitoa ya kwanza kwenye kitambaa, akaiweka karibu na sikio, akaigonga kwa ukucha, kisha akaitupa nje kupitia dirishani. Mbuzi wakaigombania. "Mbichi," akasema, akanyoosha mkono kuchukua ya pili.

Miaka ishirini na saba ilipita toka asubuhi ile hadi Jumapili nitakayoisimulia. Nasimulia kwa hasira, sifichi. Anayetaka hadithi ya jikoni iliyopakwa asali amtafute mpishi mwingine.

Kwetu kwenye rasi ya Paraguaná arepa haianzi asubuhi. Jana yake mahindi makavu yanachemshwa na chokaa mpaka ganda lilegee, yanalala ndani ya maji yale, na alfajiri yanasuguliwa kwa viganja mpaka kila punje ivuliwe koti lake. Halafu yanaoshwa, na kuoshwa tena, maana chokaa ikibaki inachoma ulimi. Maji yetu huletwa na lori mara moja kwa wiki, na yakiingia kwenye pipa la uani mama ndiye anayeyabeba kwa ndoo mpaka jikoni. Kisha anasaga mara mbili kwa kinu cha mkono kilichofungwa kwenye pembe ya meza, anakanda kwa chumvi, anaviringisha donge kati ya viganja mpaka liwe duara nene kama kiganja cha mtoto, analilaza juu ya budare, lile bamba jeusi la chuma alilolikuta kwenye nyumba hii. Anageuza. Anasubiri ngozi ishike. Anakwangua palipoungua kwa kisu. Mwisho anagonga. Arepa iliyoiva ndani hulia kama kingoma kidogo, na mbichi hukaa kimya. Huo ndio mtihani wetu, na mtoto wa miaka mitano anaujua.

Mama aliujua kuliko mtu yeyote. Hakuna arepa iliyotoka mkononi mwake bila kugongwa kwanza. Na bado kila asubuhi Bi Ubalda aliketi kwenye kiti chake kando ya dirisha akagonga upya, na kila asubuhi angalau moja ilikwenda kwa mbuzi.

"Mkono wa huyu haujui moto," alikuwa akisema mbele yetu sote, mbele ya wageni, mbele ya padri. "Nilimwambia Críspulo aoe kwa akina Reyes. Hakusikia."

Críspulo ni baba yangu. Aliitikia kwa kutafuna. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya mezani kwa miaka yote hiyo: alitafuna. Alikula arepa nne, tano, zenye jibini la mbuzi na maharage meusi, alipangusa masharubu, akaenda zizini. Sikuwahi kumsikia akisema ni tamu. Sikuwahi kumsikia akisema, "Mama, basi."

Miaka miwili ya mwisho mambo yakazidi. Bi Ubalda aliacha kutupa moja akaanza kutupa zote zilizofika mkononi mwake. Anagonga, anakunja uso, anatupa. Anagonga, anatupa. "Mbichi! Mbichi! Unataka kutuua?" Mbuzi walijifunza saa ya kifungua kinywa, wakawa wanatusubiri chini ya dirisha wamejipanga. Walinenepa. Mama yangu alikonda.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mama alianza kumwamini. Alizidisha moto. Aliziacha arepa kwenye budare mpaka zikawa ngumu kama mawe ya kusugulia miguu, nasi tukazitafuna kwa heshima ya jasho lake. Asubuhi moja aliniita jikoni akanisogezea arepa sikioni.

"Eglé, igonge hii. Inalia?"

"Inalia, mama."

"Usinidanganye kwa kunihurumia."

"Mama, inalia kama ngoma ya sikukuu!"

Akaiweka chini, akajishika sikio. "Basi masikio yangu ndiyo yameharibika," akasema. "Mimi naisikia, mwanangu, lakini siamini tena ninachokisikia." Mwanamke wa miaka arobaini na sita, mikono imejaa makovu ya budare, anasimama jikoni kwake hajui kama masikio yake ni mazima. Siku ile nilitamani kukivunjavunja kile kiti cha dirishani nikitie motoni.

Wakati huo mimi nilikuwa na mchumba. Edixon alikuwa fundi wa majokofu, kijana msafi, mcheshi, mwenye kucha nyeusi za kazi. Nilimpenda, sitasema uongo. Siku ilipangwa aje na mama yake, Bi Casilda, kuniposa: Jumapili, baada ya misa. Na posa kwetu ina desturi moja isiyovunjwa. Mama wa binti ndiye anayepika arepa za siku hiyo, anazifungua mwenyewe, anazijaza mwenyewe, na anamwekea mkwe wake mtarajiwa ya kwanza mkononi. Asipopika yeye, kijiji kizima kitauliza kulikoni. Watasema ana mkono mchafu, au hamtaki kijana, au amefukuzwa jikoni.

Siku tano kabla, mezani, Bi Ubalda alitangaza hukumu yake.

"Jumapili atakuja Petronila kupika."

Petronila alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, na arepa zake zilisifiwa mpaka pwani. Mama alikuwa amesimama na kitambaa mkononi.

"Mama," akasema polepole, "huyu ni binti yangu."

"Ni mjukuu wangu! Sitaki wakwe waje hapa waondoke na matumbo yanawauma. Wewe pika nyama na maharage. Hayo hata mjinga anaweza."

Nikamgeukia baba. Alikuwa anatafuna.

Mama aliondoa sahani, akaenda uani, akachota ndoo, akaanza kuosha mahindi ambayo yalikuwa yameshaoshwa. Aliyaosha mpaka ngozi ya vidole vyake ikachubuka. Mimi nilimfuata baba zizini.

"Utamwacha afanyiwe hivi?"

"Ndivyo alivyo bibi yako, mwanangu. Mzoee."

"Mama ana miaka ishirini na saba anamzoea!"

Akamshika mbuzi mmoja ukwato, akajifanya anatafuta mwiba. "Yule ni mama yangu, Eglé. Nimwambie nini?"

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Baba yangu hakuziba ufa wala hakujenga ukuta. Alihamishia kiti chake pembeni mahali pasipovuja.

Jumapili ikafika. Petronila aliingia kwa mlango wa nyuma na bakuli lake la unga uliokandwa chini ya kitambaa, uso umemshuka kwa aibu.

"Shoga, nisamehe," akamwambia mama. "Bi Ubalda alinijia na mkongojo wake mpaka kitandani. Ningekataa vipi?"

"Pika tu, Petronila. Wewe huna kosa." Mama alikuwa amevaa gauni lake la misa. Nyama ya mbuzi alikuwa ameshaichambua nyuzi nyuzi na kuipika kwa pilipili tamu na nyanya. Maharage yalikuwa tayari, jibini lilikuwa tayari, malai yalikuwa tayari. Na kwenye kona, chini ya sahani iliyofunikwa, niliona donge lake mwenyewe la mahindi. Alikuwa amelikanda alfajiri ingawa alishaambiwa halitatakiwa. Kisha akatoka, akaketi barazani karibu na mlango, kama mgeni wa nyumba ile.

Wageni walifika. Bi Casilda, mwanamke mnene mwenye feni ya mkononi, alisifu kila kitu kuanzia pazia. Edixon alikaa wima ndani ya shati jipya. Alinikonyeza nikacheka kidogo, mara ya mwisho siku ile. Petronila akaleta arepa ndani ya kitambaa, zinafuka moshi, zimekwanguliwa vizuri, na Bi Ubalda akanyoosha mkono.

"Ngojeni," akasema, "muone jinsi arepa inavyopimwa kwenye nyumba yenye adabu."

Akaiweka sikioni. Akagonga. Akakunja uso.

"Mbichi."

Ikapita dirishani.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Petronila alibaki mdomo wazi. Bibi akachukua ya pili. "Mbichi." Ya tatu. "Mbichi! Nawe pia, Petronila? Wote mmepatwa na nini kijiji hiki?"

"Ati nini?" Petronila akapata sauti. "Mimi? Arepa yangu mbichi? Bi Ubalda, mimi nimempikia askofu!" Akanyakua moja, akaigonga kwenye sikio la Bi Casilda. "Sikia! Inalia hailii?"

"Inalia," akasema Bi Casilda, feni imesimama.

Akaenda kwenye sikio la Edixon. "Wewe kijana, sema!"

"Inalia, shangazi. Inalia sana."

Bi Ubalda alikuwa anawatazama midomo, mmoja mmoja, kwa macho ya mtu aliyeachwa na gari. Hapo ndipo nilipoelewa, na damu ikanichemka mpaka masikioni. Sikungoja ruhusa ya mtu. Nilikwenda jikoni, nikachukua mfuniko wa sufuria ya chuma na upawa, nikarudi, nikasimama nyuma ya kiti cha bibi, nikaupiga ule mfuniko kwa nguvu zangu zote sentimita chache kutoka kisogo chake.

Bi Casilda aliruka akafanya ishara ya msalaba. Feni ilianguka. Mbwa wa jirani walianza kubweka. Bi Ubalda aliendelea kuipangusa chembe ya mahindi kwenye kidole chake.

Kiziwi. Tangu lini, hakuna aliyejua. Mtu ambaye hajawahi kumsikiliza mtu, utajuaje kwamba hasikii? Alikuwa anasema, hajibiwi, na hataki kujibiwa; machache aliyoyahitaji aliyasoma midomoni. Alikuwa anagonga arepa asisikie kitu, na badala ya kusema masikio yangu yamekwisha, alisema unga ni mbichi.

Ndipo huruma ikaanza kumiminika. Bi Casilda akasema, "Masikini bibi wa watu!" Petronila, aliyetukanwa dakika moja tu iliyopita, akasema, "Uzee jamani, uzee." Na baba yangu akasimama. Alisimama! Akaenda akaweka mkono begani kwa mama yake, machozi yakimlengalenga. "Masikini mama," akasema. "Kumbe ulikuwa unateseka peke yako." Nilimtazama nikataka kumpiga na ule upawa. Masikini ya Bi Ubalda ilipatikana kwa sekunde kumi. Ya mama yangu ilikuwa haijapatikana kwa miaka ishirini na saba.

Baba akamgeukia mama, anatabasamu kama mtu aliyeokota dawa. "Unaona, Nicanora? Kumbe ni masikio tu. Hakukuwa na ubaya. Yaishe."

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mama aliinuka barazani, akaja mpaka katikati ya chumba.

"Masikio," akasema. "Arepa zote zilianza kutupwa lini, Críspulo?"

"Sijui... miaka miwili hivi."

"Miaka miwili. Haya, hiyo nampa, ni masikio. Ile ishirini na mitano ilikuwa nini?"

Petronila alianza kufungua aproni yake taratibu, akaitundika msumarini, akakaa.

Mama akavuta stuli, akaketi uso kwa uso na Bi Ubalda, karibu kabisa, akazungumza kwa sauti kubwa na midomo iliyofunguka sawasawa ili asikose hata neno moja.

"Mama! Siku ya kwanza niliyokuja hapa. Ulikuwa unasikia?"

Bibi alimtazama muda mrefu. Alijua amekamatwa. "Nilikuwa nasikia," akasema.

"Arepa yangu ililia?"

Nilitegemea mkongojo unyanyuliwe. Bi Ubalda akaangalia mikono yake badala yake.

"Ililia," akasema. "Críspulo alikula tano. Zangu alikuwa anakula mbili."

"Kwa hiyo zilikuwa nzuri."

"Zilikuwa nzuri. Zote zilikuwa nzuri. Sasa unataka nifanyeje, nipige magoti?"

Nilidhani mama angelia. Hakulia. Uso wake ulikuwa mkavu, na rangi imempanda shingoni. Akageuza stuli.

"Na wewe, Críspulo, ulikuwa unajua?"

Baba akatazama dari. "Nicanora, mbele ya wageni..."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nazila kila siku," akasema kwa sauti ndogo. "Ningekosaje kujua?"

"Masikio yako mazima?"

"Mazima."

"Nilianza kudhani mimi ni mwehu. Nilikuwa nasimama pale jikoni nagonga, nasikia, nasema hapana Nicanora, hujasikia. Neno moja, Críspulo. Ungesema 'imeiva'. Neno moja tu, ungeendelea kutafuna."

Akainuka akaingia jikoni. Tulisikia budare likivutwa juu ya moto. Hakuna aliyethubutu kumfuata, na kwa muda ambao arepa inahitaji kuiva tulikaa tunasikiliza viganja vyake vikipiga unga, pa, pa, pa, bila haraka yoyote. Alirudi na arepa zake ndani ya kitambaa cheupe. Hakugonga hata moja mbele yetu. Alizipasua ubavuni kwa kisu, moshi ukatoka, akazijaza nyama mpaka ikafurika, akaongeza malai juu. Ya kwanza akamwekea Edixon mkononi, kama desturi inavyotaka. Akampa Bi Casilda, Petronila, mimi. Akampa Bi Ubalda, ambaye aliipokea na kula bila kuipeleka sikioni. Baba alinyoosha mkono, mama akampita.

"Zako ziko jikoni," akamwambia. "Mkono unao."

Tulikula. Nasema kweli, sijawahi kula kitu kitamu kama kile. Bi Casilda, aliyekuwa mwanamke wa shughuli, aliona bora siku iokolewe. Akapangusa midomo, akasafisha koo.

"Basi, Bi Nicanora, hayo ya nyumba kila nyumba inayo. Sisi tumekuja kwa jambo jema. Mwanangu anamtaka binti yako. Atakaa kwangu, nyumba ni kubwa, na mimi nitamfunza jiko langu lilivyo."

Mama akamtazama Edixon. Si kwa ukali. Alimtazama kama mtu anayetaka sana kusikia jibu zuri.

"Nina swali moja kwako, kijana. Moja tu, na ukilijibu mchukue leo hii. Siku mama yako atakapotupa arepa ya binti yangu dirishani, utasema nini?"

Lilikuwa swali rahisi. Nililijibu mimi kwa niaba yake kichwani mwangu mara kumi. Sema tu, Edixon. Sema utaiokota. Sema utamkataza. Sema utahama. Danganya kama ni lazima, mimi nitakuamini.

Edixon alifungua mdomo. Kisha, kabla neno halijatoka, akageuza kichwa akamtazama mama yake.

Bi Casilda akajipepea, ameridhika. "Mwanangu amelelewa na adabu," akasema. "Hawezi kunijibu mimi."

Mama hakunitazama hata, aliniachia uamuzi. Niliinuka, nikaenda mpaka kwa Edixon, mwanaume niliyempenda, nikamtoa ile arepa mkononi ikiwa na nusu yake bado, nikaiweka kwenye sahani ya mama.

"Nendeni nyumbani," nikamwambia. "Na ufunge mlango ukitoka, upepo unaingiza vumbi kwenye chakula."